Ba be bi bo bu haitoshi

Mzazi anayetaka mwanawe ajue kusoma mapema hakosi washauri siku hizi. Ushauri mmoja unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ni huu: tafuta orodha ya maneno yanayotumika mara nyingi, yaandike kwenye vipande vya manila, kisha mwonyeshe mtoto kimoja kimoja mpaka alitambue kila neno kwa kulitupia jicho tu. Shule nyingi za awali zinazofundisha kwa Kiingereza ndivyo zinavyofanya, na baadhi ya wazazi wameuhamishia utaratibu huo kwenye Kiswahili: kadi ya "maji", kadi ya "shule", kadi ya "kwa", kadi ya "huyu". Nia ni njema kabisa. Lakini kwa lugha yetu huko ni kumpa mtoto kazi asiyoihitaji, huku ile anayoihitaji kweli ikiachwa bila mtu wa kumsaidia.

Utaratibu huo una kwao. Mwaka 1936 msomi wa Kimarekani, Edward Dolch, alitoa orodha ya maneno 220 ambayo aliona mtoto anayesoma Kiingereza hawezi kuyakwepa, na mengi kati yake hayasomeki kwa kufuata herufi. Mtoto akikutana na "said", "once" au "though" na kuzifuata herufi moja baada ya nyingine, anapotea. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza ana haki ya kumwambia mtoto: hili lishike lilivyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma kwa lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Finland walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata asilimia 34. Akili za watoto hao hazikupishana. Kilichopishana ni maandishi waliyowekewa mbele yao.

Kiswahili kiko upande wa Kifini. Irabu ni 5 na hazibadiliki, ziwe mwanzoni mwa neno au mwishoni, ziwe kwenye jina la mtu au kwenye tangazo la dawa. Konsonanti zinazoandikwa kwa herufi moja ni 18. Ukizipangia irabu unapata silabi 90, ukiongeza za ch, sh, th, dh, gh, ny na ng' unapata 35 nyingine. Mtoto aliyezishika hizo amekwisha kusoma "na", "ya", "wa", "sasa", "lakini", "kama" na "baba" bila kadi, huku "kwa" na "nyumba" zikiwa zimebaki hatua chache tu. Maneno yale madogo yanayojaa kila ukurasa, ya, wa, za, la, cha, vya, yote ni silabi moja. Kutengeneza kadi ya kila moja na kumkaririsha mtoto ni kumchosha bure.

Ushahidi wa jinsi maandishi yetu yalivyo mepesi kuyaanza tunao hapa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani Tanga yalifanyika majaribio ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Takwimu hiyo ina pande mbili, na zote mbili zinanihusu kama mtu ninayeifuatilia elimu ya watoto wadogo. Upande mmoja unafurahisha: mtoto wa kijijini, bila mwalimu mbele yake, ameanza kusoma lugha yake. Upande wa pili unauma. Miezi 15 imepita, na bado maelfu ya dakika mbele ya kioo hayakutosha kumfikisha karibu mtoto mmoja katika kila wawili kwenye neno lake la kwanza. Wepesi wa maandishi haumfundishi mtoto. Unampunguzia mwalimu safari tu, na bado safari ipo.

Tuangalie basi wanakwama wapi, kwa sababu wanakwama. Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo nchini Tanzania, iliyokwenda nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, ilikuta kwamba ni kama watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Lugha hii ambayo tahajia yake ni nyepesi kuliko ya Kiingereza mara nyingi! Hapo huwezi tena kumlaumu mtoto, wala lugha.

Kituo cha kwanza cha kukwama ni kwaya. Anayejua darasa la kwanza la shule yenye watoto wengi anaijua picha hii: mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, darasa zima linaitikia ba, be, bi, bo, bu, kwa sauti inayosikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Inapendeza kuisikia. Lakini mtoto wa dawati la nyuma anaweza kuuimba mstari wote macho yakiwa dirishani, kwa sababu wimbo una mpangilio na mpangilio haubadiliki. Mwalimu anayetaka kujua nani anasoma na nani anaimba aguse "bo" kwanza, aruke kwenye "bi", arudi "bu". Kelele itapungua palepale, na sauti zitakazobaki ndizo za wasomaji. Huhitaji mtihani wa taifa kulijua hilo, unahitaji dakika moja.

Serikali ya Tanzania ililiona tatizo. Mtaala wa mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliweka nguvu kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ukapunguza mrundikano wa masomo, na ukawataka walimu waanze na sauti za herufi kabla ya majina yake. Naona yalikuwa mageuzi ya maana. Mtoto anayefundishwa kwamba herufi ile inaitwa "be" na hii inaitwa "a" anatakiwa tena agundue mwenyewe kwamba "be" na "a" zikikutana hazisomeki "bea". Anayefundishwa sauti hana kikwazo hicho. Mwaka uliofuata, 2016, elimu bila ada ilianza, na madarasa ya kwanza yakafurika. Ilikuwa haki ya watoto hao kuingia shule na hakuna anayepaswa kuijutia. Lakini mwalimu aliyeachwa peke yake na darasa la namna hiyo hawezi kumsikiliza kila mtoto, na asiyeweza kumsikiliza kila mtoto hana budi kurudi kwenye kwaya.

Hata hapo kuna la kufanya lisilohitaji bajeti. Vifuniko vya soda ambavyo walimu wengi wanavyo tayari kwa ajili ya kuhesabia vinafaa pia kwa silabi. Andika "ma" kwenye vifuniko viwili na "ji", "na", "ni" kwenye vingine, wape watoto wawili wawili, waambie watengeneze maneno. Watapata "maji", "jina", "nani", "mama", "jini". Watabishana kama "mani" ni neno. Ubishi huo ndio masomo yenyewe, kwa sababu mtoto anayesogeza kifuniko na kubadili neno ameshaelewa jambo ambalo kwaya haiwezi kumwonyesha: kwamba vipande vilevile vinajenga maneno tofauti.

Sasa fungua daftari la mtoto wa darasa la pili aliyeshinda hatua hiyo. Anasoma vizuri kiasi. Kwenye kuandika utakuta "buzi", "goma", "dege". Utakuta "mutoto" na "mutu". Utakuta "ngombe" bila ritifaa, "zambi", "adisi", na "nime kuja". Mwalimu mwenye haraka anapiga mkasi mwekundu kila mahali na kuandika "rudia mara tano". Makosa hayo hayafanani hata kidogo, na kuyatibu kwa dawa moja ni kutomsaidia mtoto.

Mtoto aliyeandika "buzi" hajasahau herufi. Hajaisikia ile m. Katika "mbuzi", "ngoma" na "ndege" sauti ya puani ni fupi sana na imeshikamana na inayofuata, kiasi kwamba sikio changa linaiona kama sauti moja. Kuna njia rahisi ya kumwonyesha. Mwambie abane pua kwa vidole viwili kisha aseme "mbuzi". Haitatoka vizuri, atajikuta anasema "buzi". Aachie pua, aseme tena. Atacheka, na atakuwa ameijua ile sauti ilipokuwa imejificha. Aandike palepale. Nimeona watoto waliokuwa wakirudia "buzi" mara tano kila wiki wakiliacha kosa hilo baada ya mchezo huo, na sioni ajabu, maana kurudia kuandika hakumfundishi mtu kusikia.

Aliyeandika "mutoto" ana tatizo jingine kabisa. Yeye anasikia silabi, na silabi zote alizofundishwa zina irabu, kwa hiyo anaipa m irabu yake. Nyumbani pengine lugha ya kwanza inasema hivyohivyo, na katika Kiswahili cha sehemu nyingi za Kongo "mutoto" ndiyo matamshi ya kila siku. Huyu anahitaji kupiga makofi: m-to-to, makofi matatu, na kofi la kwanza ni la midomo iliyofungwa. M-bwa ni makofi mawili. N-chi, mawili. Kitabu cha ba be bi bo bu hakikumwambia kwamba kuna silabi isiyo na irabu, na hakuna ubaya kumwambia wazi kwamba hii ni ya namna yake.

Waliosema kwamba tahajia ya Kiswahili si jambo la kubeza si mimi wa kwanza. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa makosa ya watoto wa Tanzania katika kuandika Kiswahili, na ujumbe wao mkuu ulikuwa kwamba lugha kuwa na tahajia yenye kanuni hakufanyi kujifunza tahajia hiyo kuwe kazi ndogo. Nadhani walimu wetu wa madaraja ya chini wangenufaika kuliko wote na uchambuzi wa namna hiyo, na ndio ambao huwafikia mara chache zaidi.

"Zambi" na "adisi" zinatupeleka kwenye historia. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki ilisimama juu ya Kiunguja. Kwa hiyo mtoto wa Unguja anapoandika "dhambi" na "hadithi" anaandika anavyosema. Mtoto wa bara anaandika wanavyosema wengine. Ndivyo ilivyo hata kwa l na r katika familia nyingi: "hela" ikiwa "hera" mdomoni, "kula" na "kura" zikisikika mamoja. Hata wa pwani hakuachwa salama, maana Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina pumzi inayotenganisha paa wa porini na paa la nyumba, na maandishi hayaionyeshi. Kumcheka mtoto kwa matamshi ya kwao ni ukatili usio na faida yoyote ya kielimu. Mtoto huyo hawezi kuongozwa na sikio peke yake. Aongozwe na maana. "Kalamu" ya kuandikia na "karamu" ya harusi, "mahali" pa kukaa na "mahari" ya bi harusi: wawekee maneno haya ndani ya sentensi, wayachore, wayaandike pembeni ya michoro. Kama kuna maneno ya Kiswahili yanayostahili kadi za manila, ni haya, na hayazidi makumi machache katika vitabu vya darasa la kwanza na la pili.

"Nime kuja" ni kosa letu sisi, si la mtoto. Tumemfundisha kwa miezi mingi tukiandika ubaoni "ba ba", "ma ma", "ka ka", silabi zikiwa zimeachana ili zisomeke. Hatukuwahi kumwambia ni lini ile nafasi inaondoka. Amekua nayo. Ndiyo maana tunasoma "ana sema" na "tuta onana" kwenye ujumbe wa simu wa watu wazima wenye vyeti. Mwalimu angeweza kuziandika silabi zikiwa zimeshikana tangu mwanzo, akachora upinde mdogo chini ya kila moja, na baadaye akafuta pinde zikabaki herufi. Mtoto angeliona neno likiwa neno tangu siku ya kwanza.

Yote hayo bado ni madogo ukilinganisha na jambo ninaloliona kuwa kiini cha watoto wetu kukwama, ambalo kwenye mijadala halitajwi sana. Ni urefu wa maneno.

Chukua sentensi ya kawaida ya kitabu cha darasa la pili: "Walipofika kisimani waliwakuta wenzao wakichota maji." Ina maneno 6. Hakuna hata moja gumu. Kila mtoto aliyewahi kutumwa maji ameyasema yote. Lakini msikilize mtoto wa silabi akiisoma. "Wa... li... po... fi... ka." Akifika "ka", "wa" imeshamtoka kichwani. Anakisia: "walipika". Sasa kisimani kuna wapishi, na sentensi iliyobaki haimwelekei. Anaendelea kuita silabi mpaka nukta, bila kosa kubwa, na ukimwuliza waliwakuta akina nani anakutazama tu. Mwalimu anasema mtoto huyu anasoma ila haelewi. Ukweli ni kwamba alichelewa mno kufika mwisho wa neno, na maana haikumsubiri.

Sentensi hiyohiyo kwa Kiingereza ingekuwa na maneno yapatayo 12, mengi ya silabi moja. Kiswahili hukusanya nani, lini, nani alitendwa na kwa hali gani, vyote ndani ya neno moja. Wapimaji wa Kenya walilitambua hilo walipoweka viwango vya kasi ya kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini: maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, 45 kwa Kiswahili. Mzazi anayelinganisha watoto wake wawili, mmoja akisoma Kiingereza na mwingine Kiswahili, kwa kuhesabu maneno, anamwonea wa Kiswahili.

Lakini urefu huo una siri yake, na siri hiyo ni rafiki wa mtoto. Maneno marefu ya Kiswahili hayakutungwa kila moja peke yake. Yana vichwa vilevile. Nafsi ni 6: ni, u, a, tu, m, wa. Nyakati za kuanzia nazo ziwe 4: na, li, ta, me. Zikikutana unapata mianzo 24: nina, nili, nita, nime, una, uli, na kuendelea. Mpe mtoto vitenzi 10 anavyovitenda kila siku, soma, cheza, lima, pika, chota, fagia, lala, imba, kimbia, beba, na mianzo hiyo inamzalia maneno 240. Ni mengi kuliko orodha nzima ya Dolch, na hakukariri hata moja kutoka kwenye kadi.

Zana yake ni ya dakika kumi. Kata kipande cha manila, toboa vidirisha viwili, pitisha mikanda miwili ya karatasi. Wa kushoto umeandikwa mianzo, wa kulia vitenzi. Mtoto anavuta: "anapika". Anavuta tena: "alipika", "atapika", "amepika". Mwulize hapo hapo chakula kiko wapi. Ikiwa "amepika", kiko tayari. Ikiwa "atapika", tusubiri. Silabi moja katikati imebadilika na chakula kimetoka mezani. Mtoto anayeliona hilo hatasoma tena silabi kama kelele, kwa sababu ameona kila moja inabeba kitu. Baada ya wiki chache macho yake yanaishika "wali" au "ata" kwa pamoja, na neno la silabi tano linakuwa kwake la vipande vitatu: wali, po, fika. Kisha zije "haku", "sita", "hawa". Kisha "ni" ya mwishoni, ile ya kisimani, nyumbani, shambani, sokoni.

Sisemi mtoto wa miaka 7 afundishwe viambishi kwa jina. Mwalimu akianza kumwambia kuna kiambishi awali cha nafsi na cha njeo amemrudisha kwenye kukariri. Mtoto anayezungumza Kiswahili anavitumia vipande hivyo tangu akiwa na miaka mitatu. Anachohitaji ni kuonyeshwa vinavyoonekana kwenye karatasi.

Hapa ndipo naitetea imla, ambayo imepata sifa mbaya na naelewa sababu. Wengi wetu tuliifahamu pamoja na fimbo: maneno 10, kila kosa kiboko kimoja. Imla ya namna hiyo ilifundisha woga na kuchungulia kwa jirani. Lakini hakuna zoezi jingine linalomlazimisha mtoto kwenda kinyume, kutoka sauti hadi herufi, na anayeweza kwenda kinyume hasahau njia. Ifanyike kila siku, kwa maneno matano tu. Mwalimu aseme sentensi nzima, "Mbuzi walipofika shambani walikula mahindi", kisha arudie neno analolitaka: "walipofika". Watoto waliseme polepole, walipigie makofi, waandike. Neno liandikwe ubaoni mara moja, si kesho, na kila mtoto ajisahihishe mwenyewe kwa penseli kabla hajasahau alikuwa anafikiri nini. Mwalimu azunguke akitafuta kosa linalojirudia, kwa sababu hilo ndilo somo la kesho. Madaftari 80 hayana haja ya kubebwa nyumbani kusahihishwa usiku. Hakuna alama, hakuna fimbo.

Mzazi naye ana nafasi ambayo hakuna programu ya simu inayoiziba. Mtoto anahitaji mtu wa kumsikiliza akisoma, na mtu huyo si lazima ajue kusoma. Bibi anayemsikiliza mjukuu akisema "walipika kisimani" atamkatiza mara moja: "Mjukuu wangu, nani anapika kisimani? Tazama tena." Amemsahihisha bila kuiona herufi, kwa sababu lugha anaijua. Nyumba nyingi hazina kitabu cha hadithi, lakini hazikosi maandishi. Kuna maneno ya kanga, ambayo kwa kawaida ni sentensi fupi yenye maana nzito na herufi kubwa zinazoonekana vizuri. Kuna mfuko wa unga, pakiti ya chumvi, ubavu wa daladala. Mwenye simu janja anaweza kupata bure hadithi fupi za Kiswahili zenye picha kwenye mkusanyiko wa African Storybook, na kumsomea mtoto moja kila usiku. Mtoto aliyesomewa sana anapokutana na "hapo zamani za kale" tayari anajua linalofuata, na kujua linalofuata ni nusu ya kusoma haraka.

Kuhusu vitabu, Kenya imetuonyesha jambo. Mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 katika shule za umma nchi nzima ulimpa kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili kitabu chake cha Kiswahili na chake cha Kiingereza, ukampa mwalimu mwongozo wa somo la kila siku, na ukampelekea washauri wa kumtembelea darasani na kumsikiliza akifundisha. Matokeo ya kusoma yalipanda. Wapo wanaolalamika kwamba mwongozo wa namna hiyo unamfunga mwalimu mbunifu. Malalamiko yana ukweli, ila mimi namfikiria kwanza mwalimu mpya aliyepewa darasa la kwanza kwa sababu wenzake wamelikwepa. Katika shule zetu nyingi darasa hilo hupewa mgeni au anayekaribia kustaafu, wakati linastahili mwalimu hodari kuliko wote aliyepo.

Na sasa kuna jambo jipya linalohitaji tahadhari. Mtaala wa mwaka 2015 ulikuwa umekisogeza Kiingereza mpaka darasa la tatu, ili mtoto amalize kwanza kusoma Kiswahili. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umekirudisha kuanzia darasa la kwanza, kama somo. Naelewa shauku ya wazazi. Lakini mtoto wa miezi ya kwanza ya shule atafundishwa asubuhi kwamba a ni a siku zote, na saa nne aambiwe kwamba a ya "cake" si ya "cat" wala ya "call". Kiingereza cha darasa la kwanza kiwe cha mdomo: nyimbo, salamu, majina ya vitu, maagizo ya kusimama na kukaa. Herufi zake zisubiri mpaka mtoto asome "walipofika" bila kusimama katikati. Zikija wakati huo, kadi za Dolch zitakuwa na kazi yake halali, na mtoto atazipokea akiwa tayari msomaji.

Tathmini za darasa la pili nazo zibadilike. Tukipima silabi na maneno mafupi tu, walimu watafundisha silabi na maneno mafupi tu, na hakuna wa kuwalaumu. Ziwekwe sentensi mbili za imla. Yawekwe maneno marefu matano kutoka kwenye vitenzi ambavyo kila mtoto anavijua, na mtoto aulizwe nani alitenda na lini. Hivi sasa mtoto anaweza kupita kipimo cha kusoma, akaingia darasa la tatu na vitabu vyake vizito vya sayansi na jiografia, na akakutana huko na "inapochemka", "hutegemeana" na "yanayotiririka" kwa mara ya kwanza, mbele ya mwalimu ambaye kwa ratiba yake kazi ya kufundisha kusoma imekwisha.